Meli ya barafu iliyookoa wengi yaepuka tanuri, yageuka makavazi

KWA mabaharia wa mwambao wetu, maadui wa chombo ni miamba, dhoruba na upepo wa kusi unapovuma kwa ghadhabu. Katika bahari za kaskazini ya mbali yuko adui mwingine ambaye nahodha wa Lamu au Mombasa hajawahi kukabiliana naye. Huko bahari yenyewe huganda ikawa ngumu kama jiwe, na meli ikinaswa humo yaweza kubanwa hadi mbavu zake zivunjike.

Ni kwa sababu hiyo mataifa ya kaskazini yaliunda meli za kuvunja barafu. Meli hizi hutangulia mbele, zikapasua njia, na meli za shehena zikafuata nyuma yake mithili ya vifaranga wamfuatao mama yao.

Lakini meli, sawa na binadamu, huzeeka. Swali ambalo limewasumbua wengi ni hili: meli ya aina hii ikishastaafu, je, ikatwe na kuuzwa kama vyuma vikuukuu, au itunzwe ili vizazi vijavyo vijionee?

Jibu moja limetia nanga katika Mto Neva, jijini St. Petersburg, Urusi. Ni meli nyeusi iitwayo Krasin, ambayo umri wake umepita miaka 100.

Asili yake

Krasin haikuundwa Urusi. Iliteremshwa majini mwaka wa 1916 katika karakana ya kampuni ya Armstrong Whitworth, mjini Newcastle, Uingereza, na ikakamilika mwaka wa 1917. Jina lake la kwanza lilikuwa Svyatogor, jina la jitu mmoja katika ngano za Warusi. Miongoni mwa wahandisi waliotumwa Newcastle wakati huo kusimamia ujenzi wa meli za barafu za Urusi alikuwa Yevgeny Zamyatin, ambaye baadaye alipata sifa kama mwandishi wa riwaya.

Umbo la meli hiyo lilifuata lile la Yermak, iliyoundwa mjini humo humo mwaka wa 1898 kutokana na fikra za Admirali Stepan Makarov. Ni kosa kudhani kwamba meli za namna hii hukata barafu kama shoka likatavyo gogo. Omo yake imeinama kwa mteremko, hivyo injini zikiisukuma, meli hupanda juu ya barafu, kisha uzito wake huikandamiza barafu hiyo hadi ikapasuka. Pale ambapo barafu inakataa kupasuka, nahodha hurudi nyuma kidogo na kuivamia upya, tena na tena.

Kazi hiyo huhitaji mabamba ya chuma mazito kuliko yale ya meli za kawaida, mbavu zilizopangwa karibu karibu, na injini zenye nguvu nyingi. Svyatogor ilipewa injini tatu za mvuke zilizozungusha rafadha tatu, na nguvu zake zilikaribia nguvu za farasi 10,000. Kwa wakati huo, ni vyombo vichache mno duniani vilivyoweza kushindana nayo barafuni.

Yazamishwa na kufufuliwa

Maisha yake yalianza kwa misukosuko. Mwaka wa 1918, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipochacha nchini Urusi, ilizamishwa kimakusudi karibu na Arkhangelsk ili kuziba njia ya manowari za Uingereza na washirika wake. Waingereza waliiopoa na kuitumia wenyewe.

Mwaka wa 1920, ikiongozwa na mvumbuzi mashuhuri wa Norway, Otto Sverdrup, ilikwenda hadi Bahari ya Kara na kuiokoa meli moja ya abiria iliyokuwa imenaswa barafuni kwa miezi kadhaa.

Serikali ya Kisovieti iliikomboa baada ya mashauriano yaliyoendeshwa jijini London na mwakilishi wake wa biashara, Leonid Krasin. Mwanadiplomasia huyo alifariki mwaka wa 1926, na mwaka uliofuata meli ikapewa jina lake.

Hema jekundu

Hata hivyo, lililoipatia Krasin umaarufu duniani kote ni tukio la mwaka wa 1928. Mnamo Mei 24 mwaka huo, Jenerali Umberto Nobile wa Italia na wenzake 15 walifika juu ya Ncha ya Kaskazini wakiwa katika chombo cha angani kilichoelea kwa gesi, kilichoitwa Italia. Siku iliyofuata, wakiwa njiani kurejea, chombo hicho kilianguka barafuni.

Watu 10 walitupwa nje, na mmoja wao akafa papo hapo. Wengine sita walipeperushwa na mabaki ya chombo hicho, na hawakuonekana tena. Waliosalia walipiga hema, wakalipaka rangi nyekundu ili liweze kuonekana kutoka angani, na wakaanza kuomba msaada kwa redio ndogo. Mnamo Juni 3, mlio wao hafifu ulinaswa na kijana mmoja Mrusi aliyependa kuchezea mitambo ya redio kijijini kwao.

Nchi kadhaa zilituma ndege na meli. Roald Amundsen, Mnorwe aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusi, aliondoka kwa ndege kwenda kuwatafuta na hakurudi. Rubani Mswidi alifaulu kumwondoa Nobile mwenyewe, lakini aliporudi kuwachukua wengine ndege yake ilipinduka.

Krasin iling’oa nanga Leningrad, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati huo, katikati ya Juni. Kiongozi wa msafara alikuwa Profesa Rudolf Samoylovich, naye nahodha alikuwa Karl Eggi. Barafu ilikuwa nzito kiasi cha kuvunja ubapa wa rafadha yake moja, lakini haikurudi nyuma. Mnamo Julai 12 iliwafikia wanaume wawili waliokuwa wameondoka hemani kwa miguu kutafuta msaada. Mwenzao wa tatu, mwanasayansi Finn Malmgren, alikuwa amefia njiani. Siku hiyo hiyo iliwachukua watano waliobaki kwenye hema. Kwa jumla iliwatoa watu saba kwenye barafu.

Isitoshe, ikiwa njiani kurejea, Krasin iliitwa kuisaidia Monte Cervantes, meli ya watalii wa Ujerumani iliyokuwa imetobolewa na barafu karibu na visiwa vya Svalbard ikiwa na abiria wapatao 1,500. Mabaharia wa Krasin walisaidia kuiziba, na watu wote wakanusurika.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, meli hii ilizunguka kutoka Mashariki ya Mbali, ikapitia Mfereji wa Panama na kuvuka Atlantiki. Kisha katika mwaka wa 1942 ikasafiri na msafara wa meli uliopeleka silaha na vyakula Urusi huku ukishambuliwa na Wajerumani. Katika miaka ya 1950 ilifanyiwa ukarabati mkubwa huko Wismar, Ujerumani Mashariki, na ikaendelea kutumika kwa miongo mingine.

Ubishi wa uhai wake

Kustaafu kwa Krasin kuliangukia wakati mbaya. Muungano wa Kisovieti ulisambaratika mwaka wa 1991, hazina ya umma ikakauka, na meli kuukuu zikawa mzigo. Chuma kinene kilichoiwezesha kustahimili barafu ndicho kilichoiponza, kwani kadiri mabamba yanavyokuwa mazito ndivyo mnunuzi wa vyuma vikuukuu anavyozidi kumezea mate.

Warusi walikuwa na sababu ya kuhofia. Yermak, iliyokuwa dada mkubwa wa Krasin, ilikuwa imekatwa vipande katika miaka ya 1960 licha ya maombi ya waliotaka ihifadhiwe. Nanga yake ilibakizwa mjini Murmansk kama ukumbusho. Wapenzi wa historia ya bahari hawakutaka kuona Krasin nayo ikibaki nanga tu.

Mwaka wa 1992 ilitambuliwa rasmi kuwa turathi ya kihistoria ya taifa. Mnamo 2004 ikawa tawi la Makavazi ya Bahari za Dunia, ambayo makao yake makuu yako Kaliningrad. Tangu hapo mgeni anaweza kupanda sitahani, akaona chumba cha usukani, vyumba vya mabaharia na, chini kabisa, zile injini za mvuke ambazo aina yake imetoweka karibu kote baharini.

Gharama za utunzaji

Wengi hudhani kwamba kuigeuza meli kuwa makavazi ni kuifunga gatini, kuipaka rangi na kuanza kuuza tiketi. La hasha! Meli inayoelea haiachi kuzeeka eti kwa sababu imestaafu.

Kwanza, kuna kutu. Sehemu iliyo chini ya maji haionekani, kwa hivyo wataalamu hulazimika kupima unene wa mabamba kwa mitambo ya mawimbi ya sauti. Vipande vya zinki hufungwa upande wa nje ili viliwe na kutu badala ya chuma cha meli. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa haina budi kupelekwa gudini, maji yaondolewe, ikwanguliwe na kutiwa viraka. Hiyo ndiyo gharama inayoyavunja mgongo makavazi mengi.

Pili, kuna usalama. Meli za zamani zilijaa asbesto, dutu iliyozuia moto lakini inayodhuru mapafu, na mafuta yaliyoganda ndani ya matangi. Ngazi zake ni za wima na milango ni myembamba, nayo hiyo yote lazima irekebishwe kabla ya wanafunzi kuruhusiwa kuingia.

Tatu, kuna suala la mapato. Tiketi peke yake ni nadra kutosheleza. Ndiyo maana meli nyingi zilizookoka zina serikali, jiji au jumuiya ya wafadhili nyuma yake.

Walioweza na walioshindwa

Urusi ina mfano mwingine ulio mgumu zaidi, nao ni Lenin, meli ya kwanza duniani ya juu ya maji kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Ilianza kazi mwaka wa 1959 na kustaafu mwaka wa 1989. Kabla ya kufunguliwa kwa umma, fueli ya nyuklia ilipaswa kuondolewa na sehemu za vinu kufanywa salama. Ilihamishiwa bandari ya abiria ya Murmansk mnamo 2009, miaka 20 baada ya kustaafu.

Nchini Marekani, Mackinaw, iliyoanza kuhudumu kwenye Maziwa Makuu mnamo Desemba 1944, ilistaafu Juni 2006 na kupelekwa Mackinaw City, jimboni Michigan, kuwa makavazi. Ilikuwa na bahati mbili: watu wa eneo hilo waliijua na kuipenda, na maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo kutu haina makali kama baharini. Japani nayo inaitunza Soya, iliyopeleka wanasayansi Antaktika katika miaka ya 1950, na imekuwa makavazi jijini Tokyo tangu 1979.

Glacier haikubahatika. Meli hiyo ya Marekani ilianza kazi mwaka wa 1955, ikasafiri Antaktika mara nyingi na kustaafu mwaka wa 1987. Mabaharia waliowahi kuitumikia waliunda chama, wakajitolea kuikwangua kutu na kutafuta pesa kwa miaka mingi. Nia walikuwa nayo, lakini gati la kudumu na fedha za kutosha havikupatikana. Mwaka wa 2012 ilikokotwa hadi Texas ikakatwa.

Funzo hapa ni kwamba mapenzi peke yake hayaelezi meli majini. Zile zilizookoka zilipata mambo matatu kabla ya kutu kuzishinda: mmiliki anayetambuliwa kisheria, mahali pa kudumu pa kutia nanga, na mfuko wa matengenezo usiotegemea tiketi tu.

Uamuzi kama huo si mgeni kwetu. Meli ya Wareno, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka wa 1697 Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Wapiga mbizi walipoichunguza kati ya 1977 na 1980, vyombo vingi viliopolewa na vingine huonyeshwa katika makavazi ya ngome hiyo. Lakini kiunzi cha mbao kilipimwa, kikachorwa, kisha kikaachwa kilale kwenye sakafu ya bahari, kwa kuwa kutunza mbao zilizoloa kwa karne nyingi ni kazi ya miaka na ya gharama kubwa.

Wataalamu wa Mombasa walijua uwezo wao, wakaamua mapema kipi kihifadhiwe nchi kavu na kipi kiachiwe bahari. Waliookoa Krasin nao waliamua mapema. Wale wa Glacier walikuwa bado wanatafuta gati siku meli yao ilipofungwa kamba kupelekwa kukatwa.