Garimoshi la Darjeeling na Chokaa ya Kilwa

Reli ya Darjeeling, India, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1999. Kilwa Kisiwani, pamoja na Songo Mnara, iliingia mapema zaidi, 1981. Ila reli husifiwa kwa kuwa bado inatembea, na Kilwa kwa kuwa imetulia. Mgawanyo huo unanitia shaka.

Reli hiyo ilijengwa kati ya 1879 na 1881, upana wake futi 2 tu. Haina meno ya kung'ang'ania mlima. Hupanda kwa kuzunguka na kwa kurudi kinyumenyume, mpaka stesheni ya Ghum iliyo mita 2,258 juu ya bahari. Injini ya mvuke ikianza kuteleza, watu wawili waliokaa mbele yake humwaga mchanga relini kwa mkono, na mwenzao huponda makaa ya mawe. Kipuri kikichakaa, karakana ya Tindharia hukibadilisha, wala hakuna anayelalamika kwamba urithi umechafuliwa. (Kwamba Waingereza waliijenga ili kukimbia joto la Kolkata na kushusha chai yao, siku hizi halimnyimi mtu usingizi.)

Sasa tazama Msikiti Mkuu wa Kilwa. Ulianza karne ya 11, ukapanuliwa kwa nguzo na kuba karne ya 14, dhahabu ya Sofala ilipoutajirisha mji. Sehemu hiyo ikaporomoka, na karne ya 15 ikajengwa upya. Mafundi wa Kilwa, basi, walifanya yale yale ya Tindharia: kilichoanguka kilisimamishwa tena. Magofu yasiyoguswa ni mawazo yetu sisi tuliokuja baadaye.

Na ufundi wenyewe haujafa. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, kisha yakaloweshwa maji yawe chokaa. Chokaa hiyo huuacha ukuta upumue. Saruji huziba unyevu ndani, na chumvi ya bahari ikalila jiwe polepole. Kati ya 2004 na 2014 Kilwa ilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na iliyoiokoa ni kazi: kuta zikakarabatiwa, mikoko ikapandwa kuzuia mawimbi yasile ufuo.

Ningekabidhiwa mimi fungu la fedha za Kilwa, ningelipa kwanza wachoma chokaa na vijana wa kujifunza kwao. Vibao vya watalii vingesubiri.