Kutoka Vugiri hadi Makueni: Picha, Sauti na Matini

Mwalimu wa Kitui au Makueni anayewaonyesha watahiniwa video ya tamthilia teule anafuata njia iliyopasuliwa zamani. Mwaka 1935, Notcutt na Latham walianzisha huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, jaribio la filamu za elimu lililodumu hadi 1937. Lori lilizizungusha filamu hizo hadi Kenya na nchi jirani. Picha zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri, hivyo filamu moja iliweza kupata maelezo kwa lugha kadhaa. Lugha, kwa maneno mengine, ilipachikwa tu. (Wakoloni walitaka kufunza kilimo na afya, si fasihi.)

Katika tamthilia, kinyume chake, lugha ndiyo huzaa tendo. Yona wa *Bembea ya Maisha* akiigizwa kama mlevi wa kuchekesha tu, majuto yake hupotea. Mwigizaji akiongeza mzaha wake, mtahiniwa huenda akanukuu maneno ambayo Arege hakuyaandika, na swali la dondoo halisamehi. Kwa hivyo video ifuate usomaji, kitabu kikiwa wazi dawatini. Mwigizaji anapoacha matini, mwalimu aisimamishe na kuuliza ni nini kilichoachwa.