Wanawake na Neno "Mtoano"

Miongoni mwa maneno ambayo kandanda imeyazoesha masikioni mwetu ni "mtoano". Limetokana na kitenzi "toa", kikanyambuliwa kuwa "toana": timu mbili hukutana, moja hutolewa, ya pili husonga mbele. Lakini tukiichunguza historia ya mchezo huu, twaona kwamba wanawake walitolewa kabla hata ya kuingia uwanjani.

Nchini Uingereza, mwaka 1921, chama cha kandanda kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake, na marufuku hiyo ikadumu karibu miaka 50. Barani Afrika, kombe lao la kwanza lilichezwa mwaka 1991, nalo lilikuwa la mtoano mtupu, nyumbani na ugenini. Timu kadhaa zilijitoa. Nigeria ikaishinda Kameruni katika fainali. Burundi haikuwamo.

Hapa Bujumbura, mlango ulifunguka mapema katika uongozi. Bibi Lydia Nsekera, mzaliwa wa mji huu, alishika urais wa shirikisho la kandanda la Burundi mwaka 2004. Mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Kamati Kuu ya FIFA, shirikisho lililoundwa mwaka 1904. Uwanjani nako, Buyenzi, mtaa wetu wa Waswahili, ulitoa klabu ya PVP, iliyoiwakilisha nchi mwaka 2021 katika mashindano ya klabu za wanawake za Afrika Mashariki na Kati huko Kenya.

Julai 2022, timu ya taifa ya wanawake ilicheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Moroko. Ilifungwa na Botswana 4–2, na Afrika Kusini 3–1, na Nigeria 4–0. Atazamaye matokeo peke yake ataona vipigo vitatu. Hata hivyo, wanaume wetu walipoingia Kombe lao la Afrika mara ya kwanza, nchini Misri mwaka 2019, nao walishindwa mara tatu, bila kufunga bao hata moja. Wanawake walifunga matatu.

Kushindwa ni jambo moja. Kuzuiwa ni jingine. Kwa hiyo sisi walimu hatuna budi kuitazama upya mifano tuiandikayo ubaoni. Si haki kila mara Juma apige mpira na Asha apike. Asha naye amecheza, na alipotolewa, alitolewa kwa mabao.