Phar Lap (1926–1932)

Ngozi iliyokaushwa ya farasi wa mbio
Makumbusho ya Melbourne, Australia

Ngozi hii ni ya Phar Lap mwenyewe, farasi aliyehasiwa wa nasaba ya Thoroughbred. Alizaliwa karibu na Timaru, New Zealand, na mwaka 1928 aliuzwa mnadani kwa gini 160 tu. Alifundishwa mbio Australia na Harry Telford, na kutunzwa kila siku na Tommy Woodcock.

Alikimbia mara 51, akashinda 37. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1930 alifyatuliwa risasi akitoka mazoezini. Ikamkosa, na siku hiyohiyo akashinda. Siku tatu baadaye alitwaa Kombe la Melbourne, akipandwa na Jim Pike na kubebeshwa kilo 62.5. Wakati huo wa mdororo mkubwa wa uchumi, ushindi wake uliwapa watu wengi furaha. Katika Kombe hilo la mwaka 1931 alibebeshwa kilo 68, akamaliza wa nane.

Mbio zake za mwisho zilikuwa Agua Caliente, Mexico, tarehe 20 Machi 1932. Alishinda. Tarehe 5 Aprili alikufa ghafla California. Vipimo vya nywele zake vilivyofanywa miongo kadhaa baadaye vilikuta sumu ya arseniki.

Ngozi ilitandazwa juu ya umbo lake na mafundi wa Jonas Brothers, New York, na imeonyeshwa Melbourne tangu 1933. Mifupa iko Wellington, New Zealand. Moyo, wenye kilo 6.2, uko Canberra.