Jumbe Fatima wa Mwali: malkia yatima na kisiwa chake



Wengi wetu tumeshakesha na tamthilia za Kituruki, wasichana wa kasri, mawaziri wenye sumu mkononi na mapenzi ya kuliza. Leo tunakuleteeni kasri iliyo karibu zaidi na sisi, na ambayo si ya kutungwa. Ilikuwa Fomboni, mji mkuu wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vinne vya Komoro.

Baba yake Fatima alikuwa mkimbizi. Jina lake la kwao Bukini ni Ramanetaka, wa ukoo wa Mfalme Radama wa Kwanza, na alikuwa gavana wa Mahajanga. Radama alipofariki mwaka 1828, Malkia Ranavalona alishika kiti, na ndugu wa mfalme wakawa wanawindwa. Ramanetaka akavuka bahari, akasilimu, akaitwa Abderremane, na hatimaye akaitawala Mwali. Alipofariki mwanzoni mwa miaka ya 1840, aliyebaki kurithi alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitano hivi.

Hebu tulitazame hilo kidogo. Miaka mitano. Mtoto bado anacheza kibe, na tayari ana kisiwa. Mama yake alishika utawala kwa niaba yake, akaolewa na mmoja wa washauri wa marehemu mumewe. Jirani hapo, kisiwa cha Maore kilikuwa kimeshachukuliwa na Wafaransa mwaka 1841 kwa mkataba uliotiwa saini na mtawala wake, naye vilevile mkimbizi kutoka Bukini. Kila aliyekuwa Fomboni alijua kinachofuata.

Wafaransa hawakuanza na mizinga, walianza na mwalimu. Waliletwa mlezi, Madame Droit, amfunze binti Kifaransa na adabu za Kizungu. Mwaka 1849 Fatima akavishwa taji, akiwa na umri wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu. Miaka miwili baadaye mlezi yule akaondoshwa, na mwaka 1852 binti akaozwa Said Muhammad, mtu wa jamaa za Sultani wa Unguja. Ndiyo, harusi ile ina mkono wa huku kwetu. Ilikuwa harusi, na ilikuwa jibu kwa Wafaransa. Mume akatawala pamoja naye mpaka mwaka 1860, akafukuzwa kisiwani, na Fatima akabaki na watoto na kiti.

Sisi tukiisoma habari hii tunaikumbuka Suratun Nisaa, aya ya 6. Mwenyezi Mungu anawaamrisha wasimamizi wa mayatima wawajaribu mpaka wafike umri wa kuoa, na wakiwaona wamepevuka kiakili wawakabidhi mali yao, na siku ya kukabidhi waweke mashahidi. Fatima alikuwa yatima mwenye mali kubwa kuliko yatima yeyote wa visiwa hivi, na kila aliyemjia kwa jina la kumlea alikuwa na jicho kwenye mali hiyo. Ni nani aliyemkalisha akamwambia: hiki ni chako, na hivi ndivyo kinavyolindwa?

Basi akaja Joseph Lambert. Mfaransa huyu, mfanyabiashara, alikuwa ameshapitia Bukini, akapata kwa Radama wa Pili mkataba wa ardhi na madini na cheo cha utukufu juu yake. Radama akauawa mwaka 1863 na mkataba ukavunjwa. Mtu wa namna hiyo, aliyekosa kisiwa kikubwa, akakielekea kidogo. Inasimuliwa kwamba yeye na malkia walipendana. Chumbani mwa watu hatuingii. La wazi ni karatasi: mwaka 1865, Fatima akiwa hajafika hata miaka thelathini, alimpa Lambert haki ya kulima ardhi ya Mwali kwa miaka 60, naye aambulie sehemu ndogo tu ya faida.

Miaka sitini! Hesabu ingefika 1925.

Wapo wanaosema mapenzi yalimpofusha. Sisi tunaona wanamwonea. Mwanamke anaweza kupenda na bado akajua anachosaini, ikiwa amefundishwa. Na bibi harusi unayesoma hapa, mwenye kiwanja cha urithi au dhahabu ya mama yako: ndoa haiihamishi mali yako kwenda kwa mume. Mahari ni yako, na ulichokuja nacho ni chako. Ukiletewa karatasi ya mkopo au ya kubadilisha jina la hati, hata na umpendaye, isome na mtu wako mwenye elimu kabla ya kalamu kugusa. Anayekupenda atasubiri wiki mbili.

Fatima alijaribu kurudi nyuma. Mwaka 1867 aliacha kiti kwa mwanawe Muhammad, na mwaka uliofuata alikuwa Ufaransa, kupeleka malalamiko yake kwa Napoleon wa Tatu. Tufikirie safari hiyo ya mwanamke wa Mwali, majini wiki kwa wiki, kwenda kudai ardhi kwa wale wale wenye manowari. Hakurudishiwa. Mwaka 1871 alishika tena kiti, Lambert akafariki mwaka 1873, na yeye akafuata mwaka 1878, akiwa na miaka arubaini na kitu. Mkataba ulikuwa bado na miaka 47.

Mwaka 1886 Mwali ikawekwa chini ya himaya ya Ufaransa. Binti yake Salima Machimba, aliyezaliwa mwaka 1874, akaitwa malkia akiwa bado mtoto, kama mama yake. Mwaka 1901 aliolewa na askari wa Kifaransa, akahamia kwao, akaishi maisha ya shambani mbali kabisa na bahari. Alifariki huko Ufaransa mwaka 1964.