Theluji, barafu, sakitu: kutaja hali ya hewa ya majira ya baridi

Theluji na barafu ni nomino za ngeli ya I-ZI. Theluji ni mvuke ulioganda mawinguni ukaanguka kama vipande vyepesi vyeupe. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa kitu kigumu, popote yalipo.

Asili

Theluji imetokana na neno la Kiarabu *thalj*, ambalo hutaja theluji na hata barafu. Barafu imetokana na *barf* ya Kiajemi, yenye maana ya theluji. Katika Kihindi na Kiurdu neno hilohilo hutumika kwa vyote viwili. Kiswahili kiliyapokea maneno yote mawili, kikayagawia kazi. Tofauti hiyo ni mali ya Kiswahili chenyewe, na mfasiri hana sababu ya kuipoteza.

Matumizi katika tafsiri

Portland, mji wa pwani katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, una wakazi wasemao Kiswahili, wengi wao wakiwa wametoka Kongo na nchi jirani. Wiki moja ya Januari huweza kuwaletea theluji, mvua, myeyuko na baridi kali kwa zamu. Hapo neno lisilo sahihi si kosa la mtindo tu. Huenda likamfanya mtu aingie barabarani siku ambayo angepaswa kubaki nyumbani. Swali la kumwongoza mfasiri ni moja: maji yanaganda wapi?

1. *Mawinguni*: theluji. Theluji huanguka, mvua hunyesha. Ikiwa imeanza kuyeyuka huitwa *theluji chepechepe*.

2. *Njiani*: chembe za barafu. Theluji hupita katika tabaka la hewa yenye joto, ikayeyuka, kisha ikaganda tena kabla ya kufika chini. Hii si *mvua ya mawe*, ambayo huzaliwa katika mawingu ya radi, na kaskazini huonekana zaidi katika miezi ya joto. Weupe wa ardhi nao si kigezo: Septemba 2008, karibu na Nyahururu nchini Kenya, mvua ya mawe ilifunika ardhi hata watu wakaidhania theluji. Pia neno la Kiingereza *sleet* lina mtego: Marekani hutaja chembe hizi, lakini Uingereza hutaja mvua iliyochanganyika na theluji. Mfasiri atazame kwanza matini imetoka wapi.

3. *Yanapogusa kitu*: mvua inayoganda. Matone hufika chini yakiwa bado maji, ingawa yamepoa kupita kiwango cha kuganda, nayo huganda mara yanapogusa lami, tawi au waya wa umeme. Tafsiri *mvua ya barafu* haifai, kwa kuwa msomaji atatarajia vipande vinavyoonekana, ilhali hatari yenyewe ni kwamba mvua hii hufanana na mvua ya kawaida. Januari 1998 mvua ya namna hii iliangusha miti na nyaya, na zaidi ya nusu ya wakazi wa Maine wakakosa umeme.

4. *Ardhini*: sakitu na utando wa barafu. Sakitu ni mvuke wa hewani uliogandia majani au vioo usiku. Utando wa barafu hutokea maji yaliyoyeyuka mchana yanapoganda tena usiku. Ni vigumu kuuona, kwa sababu lami huonekana kupitia kwake.

Tahadhari

*Vipimo.* Marekani hutumia kipimo cha Fahrenheit. Nyuzijoto 32 zikiachwa bila jina la kipimo, msomaji aliyezoea Selsiasi atafikiria adhuhuri ya Dar es Salaam, kumbe ndipo maji yanapoganda.

*Kipupwe.* Neno hili hutaja majira ya ubaridi ya Juni hadi Agosti katika Afrika Mashariki. Kwa Januari ya kaskazini, *majira ya baridi* ni salama zaidi.

Kielelezo

*Jumatatu:* Theluji itaanguka kuanzia alfajiri.
*Jumanne:* Theluji itageuka kuwa chembe za barafu mchana, na mvua inayoganda jioni. Barabara zitateleza.
*Jumatano:* Joto litapanda kupita nyuzi 0 za Selsiasi, theluji itayeyuka.
*Alhamisi:* Baridi itarejea usiku. Maji yaliyotuama yataganda na kuacha utando wa barafu.
*Ijumaa:* Anga itatakata, sakitu asubuhi.
*Jumamosi na Jumapili:* Theluji kavu, itakayopeperushwa na upepo mkali.

Katika kielelezo hiki uzito umebebwa na vitenzi *kuganda*, *kuyeyuka* na *kugeuka*. Pale nomino moja isipotosha, kitenzi humweleza msomaji kile kitakachotokea chini ya miguu yake.