Kidaka

Siku hizi mafundi wanaacha vishimo vya mraba kwenye kuta za sebule, wanavitia taa, na wenye nyumba wanaviita "shelfu za ukutani". Jina lipo tangu zamani: kidaka, wingi vidaka, Waamu husema zidaka. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, zidaka hujaza ukuta mzima wa chumba kiitwacho ndani, safu juu ya safu, zimefinyangwa kwa plasta ya chokaa. Humo zilipangwa sahani na bakuli za kaure kutoka China. Weupe juu ya weupe, na vivuli vyake: sijaona pambo la ukuta linaloushinda. Fundi akikuuliza unataka nini, mwambie kidaka.